Aliyeshika Kamba ya Erastus

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimeajiriwa. Mzee mzima, meno ya kuazima, magoti yanayolia kama mlango wa choo, nimeajiriwa na Githinji kumshikia kamba akizama. Aliyekuwa akimshikia amehamia kwa dada yake kule Mwihoko, akasema amechoka kukaa juani akishikilia mwanaume mwenzake kama mbuzi. Nikampigia Githinji simu.

"Mzee Kahiga, utaweza kweli?"

"Nilimshika marehemu bibi yangu miaka yote hiyo na alikuwa mkali kuliko wewe. Kamba itanishinda nini?"

Akacheka. Acha acheke.

Kware yenyewe, yale machimbo ya mawe, iko nyuma ya Kiganjo. Nikiwa kijana nilichonga mawe mle ndani, mpaka siku tulipotoboa chemchemi, maji yakapanda, tajiri akatoa mashine yake na kwenda. Sasa ni shimo la maji ya kijani, kuta zimesimama wima kama za gorofa, na njia ya kutokea ni moja tu, mteremko wa udongo upande wa barabara. Vitu huanguka humo. Pampu, simu, ng'ombe wa watu, na watu wenyewe. Zamani kitu kikianguka waliitwa Erastus na Githinji. Erastus anazama, Githinji anashika kamba. Erastus alikufa humo mwaka jana. Githinji akanunua mtungi wa hewa na suti ya mpira, akaweka kibao, na sasa watu wa Nairobi huja kila Jumamosi kufundishwa kuzama, kwa sababu Mombasa ni mbali na kware iko karibu.

Mimi sikutafuta kazi kwa sababu ya njaa. Nimeitafuta ili niwe karibu naye.

Jumamosi, 22 Machi

Nimesikia hotuba yake kwa masikio yangu mwenyewe. Wageni wamekaa kwenye mawe, wamevaa nguo za kubana, Githinji amesimama mbele kama askofu.

"Sheria ya kwanza," akasema, "usiingie majini peke yako. Hata kama maji unayajua kama sufuria ya mama yako. Nilikuwa na rafiki hapa, Erastus. Mzamaji hodari. Siku moja akapata kazi, akaona tukiwa wawili chai tutagawana. Akaingia peke yake, bila kamba, bila mtu. Nilipofika nilikuta viatu tu." Hapo hunyamaza. Akina mama hushika kifua. Kisha anasema polepole, "Tamaa, marafiki zangu," na anageuka kutazama maji, na mimi nikitazama mgongo wake nikaona vile unavyotoshea teke.

Baada ya hapo chai humiminika. Mmoja alimshika mkono na noti ndani, machozi machoni. Yaani anamwua Erastus kila Jumamosi na analipwa.

Erastus ninayemjua mimi alikuwa Mjaluo wa upande wa Bondo, aliyelelewa ziwani, na kwa sababu hiyo aliogopa maji kuliko sisi sote. Alikuwa hawezi hata kunawa miguu pale kware bila kuniambia, "Kahiga, nishike shati." Huyo ndiye aliingia peke yake? Mimi siku hiyo nilikuwa Murang'a kwenye matanga. Niliporudi nilikuta ameshazikwa kwao, na hadithi imeshapikwa na kupakuliwa.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua ya njahi, ile ya masika, imeanza. Wageni wachache. Kochi Githinji (anataka aitwe Kochi) ameteleza kwenye mteremko akaenda na makalio mpaka majini. Nilisahau kuvuta kamba kwa muda kidogo.

Jumatano, 2 Aprili

Nimechuma thabai kando ya mto. Haya majani yetu yanayowasha, ambayo wanawake huyapika na kuyasifu eti ni dawa. Nimevaa glavu za mwanangu. Shiko, mke wake, ameniuliza, "Baba, unapika nini?" Nikamwambia ninamtengenezea rafiki dawa ya ngozi. Akaniangalia kwa yale macho yake.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo Bwana amenibariki. Thabai ilikuwa ndani ya suti ya mpira, sehemu ambayo mtu hawezi kujikuna mbele ya wageni. Kochi alianza hotuba vizuri. Alipofika "rafiki yangu Erastus" alianza kusimama mguu mmoja. Alipofika "tamaa" alikuwa anacheza kama mtu aliyepagawa. Mgeni mmoja akauliza kama hayo ni mazoezi ya kupasha mwili, na wote wakasimama wakamuiga.

"Ni nini, Kochi?" nikamuuliza kwa huruma.

"Mzee, ni viroboto!"

"Pole sana. Hii kware ina wanyama."

Nilicheka mpaka nikaketi. Lakini nikirudi nyumbani furaha ikawa imeisha kabla ya kufika kwa mlango. Kuwashwa kwa asubuhi moja. Hayo si malipo ya uhai wa mtu.

Jumatano, 9 Aprili

Nimepita kwa Maxine, binti ya Erastus. Anakaanga samaki hapa Kiganjo, karibu na stendi ya boda. Nilimkuta anamfungia mtu samaki mkubwa kuliko wote kwenye gazeti, na mtu mwenyewe ni nani? Githinji.

"Asante, Uncle," akamwambia. Uncle!

Alipoenda nilimuuliza kwa nini mimi hupewa wale wenye kichwa kikubwa na mwili wa penseli.

"Guka, wewe hukunichangia jeneza," akasema akicheka. Huniita Guka, yaani babu. "Uncle Githinji alisimamia mazishi yote. Alisafiri na sisi mpaka Bondo. Na hajawahi kumtukana baba, hata kwa yale aliyofanya."

"Alifanya nini baba yako?"

Akageuza samaki kwanza. Mafuta yakalia. "Si unajua? Aliingia peke yake. Nilikuwa nimempigia asubuhi hiyo, nikamwambia chuo wamenifungia mlango, bado karo. Nikalia kwa simu, Guka. Nililia vibaya. Akaniambia tulia, leo kuna kazi. Kwa hivyo hakutaka kugawana chai na mtu." Akafuta mikono kwa leso. "Ndiyo maana sikurudi chuo. Ningekaa darasani nikisoma kwa pesa gani, ya roho yake?"

Nilinunua samaki na sikumla. Nimempa paka wa Shiko. Nilikuwa nimedhani huyu msichana ni laini, amesahau haraka. Kumbe kila siku anakaanga hukumu yake mwenyewe, na mtu aliyeiandika anapita kuchukua samaki wa bure.

Sijui Githinji alifanya nini. Ninajua tu kwamba anadanganya.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Nimeshika kamba. Nimemchukia. Nimerudi.

Jumatano, 16 Aprili

Ninaandika polepole ili nisikose kitu.

Leo nilikuwa kware peke yangu nikianika kamba, jua limetoka kidogo. Pikapu nyeupe ikaja, ikasimama pale juu ya mteremko. Akatoka mama wa heshima, ana buti za mpira na karatasi za ujenzi chini ya kwapa. Jina lake Dianah. Anajenga nyumba za kupangisha kule Ngoingwa.

"Mzee, hujambo. Namtafuta yule mtu wa kamba, Githinji. Mwaka jana pampu yangu iliangukia hapa. Aliniambia haikuonekana. Sasa nimesikia ana mashine za kisasa, nikasema nijaribu tena."

Nikamwambia Kochi yuko Ruiru kununua vitu, anaweza kungoja. Nikampa kiti. Akawa ananitazama kama mtu mwenye swali la pili.

"Na yule mwingine?" akauliza. "Yule aliyekuwa chini. Alitoka salama? Mimi niliondoka kabla hajatoka."

Nilihisi kamba mikononi mwangu imekuwa baridi. Nikamwambia, mama, nieleze hiyo siku kutoka mwanzo, mimi ni mzee, nasahau. Naye akanieleza bila kujua anachonipa.

Lazima niseme kwanza desturi yetu, kwa sababu bila hiyo mtu hataelewa. Hapa chai ya mzamaji huombwa kitu kikiwa bado chini. Tuligundua zamani kwamba mwenye kitu anatoa kwa hofu, hatoi kwa shukrani. Pampu ikiwa majini atakupa chochote ulicho na hamu nacho. Ikitoka tu, anaanza kuipangusa matope, anakumbuka ana haraka, anakuambia Mungu akubariki. Na ikiwa ni mtu ametolewa, basi ni vilio, nani atakumbuka wewe umelowa? Kwa hivyo mshika kamba ndiye huenda dirishani mwa gari, na kamba anamwachia mtu mwingine aishike kwa dakika hiyo. Lazima awe mtu. Hiyo ndiyo sheria.

Siku hiyo hapakuwa na mtu mwingine.

"Alikuja dirishani," Dianah akasema. "Akaniambia, mama, kijana wangu yuko chini anahangaika na pampu yako, tupe ya chai. Nikampa. Hapo hapo fundi akanipigia kutoka Ngoingwa, wamemwaga zege vibaya. Nikawasha gari, nikarudisha nyuma nigeuze. Nikahisi gari limeshikwa kidogo, kama limenasa kwenye mzizi. Nikakanyaga mafuta. Githinji akapiga kelele, simama, simama! Nikasimama. Akakimbia mbele ya gari, akainama kwenye bampa na kisu. Nikamuuliza, ni nini? Akaniambia, hakuna, mama, kamba ya pampu imeng'ang'ana na mawe, wewe nenda, nitakupigia. Nikaenda."

Nikamuuliza, "Kamba ilikuwa imefungwa kwenye bampa yako?"

"Si ndiyo nakuambia. Nilikuta kipande nikiosha gari." Kisha akaona uso wangu. "Mzee? Mbona umekaa hivyo?"

Hakuna njia nzuri ya kumwambia mtu. Nikamwambia. Hakulia. Alienda mpaka kwenye pikapu yake, akaweka mkono juu ya bampa, akautoa haraka kama imemchoma. Akasema, "Mimi ndiye nilimvuta."

"Wewe ulirudisha gari nyuma tu. Aliyemfunga kwa gari ni mwingine."

"Mimi ndiye nilimvuta, mzee."

Akaondoka kabla Githinji hajarudi. Kochi aliporudi na mifuko yake ya Ruiru nilimuuliza safari ilikuwaje.

Jumamosi, 19 Aprili

Kesho ni Pasaka, wageni ni wengi. Githinji alizama kuwaonyesha, na mimi juu na kamba yake. Mtu akiwa chini unamsikia kwenye kamba, jinsi anavyogeuka, jinsi anavyopiga miguu. Nilimsikia huko chini yuko hai na ameridhika. Nikafikiria mambo ambayo sitayaandika. Mikono yangu iliniogopesha. Akavuta mara mbili, maana yake nitoe. Nikamtoa. Hata sijui kwa nini nilimtoa haraka hivyo.

Kisha akawaambia wageni kuhusu tamaa ya Erastus.

Jumapili, 20 Aprili

Kanisani. Githinji ametoa sadaka kubwa na akataka isomwe.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua imepiga wiki nzima. Maji ya kware yamepanda na kuwa rangi ya chai ya maziwa. Wageni hakuna.

Nimemwambia Shiko yote. Huyu mtoto wa watu nilikuwa nikimwona ni wa kupika tu na kunisemesha juu ya dawa za presha. Amesikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Baba, nenda polisi."

Nikaenda Ngoingwa kumwuliza Dianah kama atasimama kuwa shahidi. Nilimkuta amesimama kwenye ngazi isiyo na ukuta, amekonda. Alisema, "Nikisema, gari ni langu. Githinji atasema ni mimi niliua, na hakuna mtu mwingine aliyeona. Nina watoto, mzee." Na kweli, ni neno la mtu mmoja kwa mmoja. Sikumlaumu. Zamani ningemtukana.

Kwa hivyo lazima ukweli utoke mdomoni mwa Githinji mwenyewe. Nami mdomo huo ninaujua, haufunguki kwa maombi.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua. Kware imefika nusu ya mteremko. Panya wamehamia nyumbani kwetu. Shiko ananiita mkuu wao.

Jumanne, 6 Mei

Githinji amenipigia. Ana wasiwasi na mteremko, umekuwa sabuni, mtu hawezi kutoka bila kuvutwa. "Mzee Kahiga, siku hizi wewe ndiye uhai wangu," akasema. Alisema hivyo. Nimetembea na hilo neno siku nzima kama peremende mdomoni.

Jumamosi, 10 Mei

Nimerudi Ngoingwa. Dianah alinipa soda, hakunywa yake. Nilimweleza ninachotaka. Gari lake, mahali pale pale. Alisema hapana kabla sijamaliza. Nikamwambia kuhusu Maxine na ile simu ya karo, kwamba msichana anaamini alimwua baba yake kwa kulia. Akainamisha kichwa.

"Gari litakuwa limezimwa?" akauliza.

"Nitaweka mawe nyuma ya magurudumu kwa mikono yangu. Mimi ni mzee mbaya, lakini si mbaya namna hiyo."

"Na wewe unataka tu aseme?"

Nilimwambia ndiyo. Ukweli ni kwamba nataka aogope. Kusema ni kwa ajili ya Maxine. Kuogopa ni kwa ajili yangu.

Jumamosi, 17 Mei

Asubuhi mvua ilikuwa imepumzika. Wageni walikuja, kundi zuri, wengine na watoto wao wakubwa. Nilikuwa nimemwambia Maxine aje na samaki, wageni watanunua. Akaja na beseni lake, akamsalimia, "Uncle, niaje," naye akachukua kipande bila kulipa, mdomo umejaa.

Mawe nilikuwa nimeyaficha kwenye nyasi.

Githinji akatoa hotuba yake. Maxine alikuwa hajawahi kuisikia. Nilimwangalia. Ilipofika "aliona tukiwa wawili chai tutagawana", alishika ukingo wa beseni kwa mikono miwili. Ilipofika "tamaa", alitazama chini. Hakuna mtu aliyemwambia Githinji aseme jina la mtu mbele ya mtoto wake, alisema tu kwa sababu amezoea, kama mtu anayetema mate.

Kisha akavaa mtungi, akajifunga kamba, akaniambia, "Mzee, macho hapa," akateleza kwenye mteremko na kuingia ndani kuwaonyesha namna ya kushuka. Viputo vikaenda katikati.

Ndipo pikapu nyeupe ikaja. Dianah akaisimamisha pale pale, pua ikitazama maji. Niliweka mawe nyuma ya magurudumu yote ya nyuma, nikayapiga teke kuhakikisha. Nikafunga kamba ya Githinji kwenye bampa. Nikachukua chai yangu ya flaski, nikaketi juu ya boneti.

"Guka, unafanya nini?" Maxine akauliza. "Nani ameshika?"

"Ngoja uone ni nani."

Kamba ikavutwa mara mbili. Nitoe. Nikanywa chai. Ikavutwa tena. Githinji akaibuka mwenyewe, fulana yake ya kuelea imejaa hewa, kwa hivyo alikuwa salama kama bata, akaogelea mpaka chini ya mteremko na kujaribu kupanda. Udongo ukamrudisha. Akajaribu tena. Ukamrudisha.

"Mzee Kahiga! Vuta!"

Nikainua mikono yangu yote miwili ili aone haina kitu.

"Kamba iko wapi?"

Akaifuata kwa macho. Kutoka kiunoni mwake, juu ya mteremko, mpaka kwenye bampa. Akaona gari. Akamwona Dianah kwenye usukani. Nimeona wanaume wengi wakiogopa, nilifanya kazi na baruti. Sijawahi kuona uso ukifunguka namna ile.

"Mzee, hiyo si mchezo. Fungua hiyo kamba."

"Kwani ni nini? Imefungwa vizuri. Si ndivyo hufungwa?"

"Fungua, nakuambia!"

"Ngoja kwanza nikaombe chai," nikasema. Nikashuka polepole, magoti yakilia, nikaenda dirishani. "Mama, kijana wangu yuko chini anahangaika. Tupe ya chai." Wageni wakacheka. Walidhani ni maonyesho. Wengine walikuwa wameshatoa simu wanapiga video. Nikamwambia Dianah, "Washa gari."

Akakosa ufunguo mara mbili. Akawasha.

Pikapu ilinguruma tu. Haikusogea hata unene wa kidole, na isingeweza. Lakini Githinji alilia kwa sauti ambayo ilirudi kutoka kwenye kuta za kware. "Usirudi nyuma! Mama, usirudi nyuma, kuna mtu chini! Kuna mtu!"

Hakuna aliyecheka tena.

"Mwaka jana kwa nini hukusema hivyo?" nikamuuliza. Sikupaza sauti. Haikuhitajika.

"Zima kwanza!"

"Kwa nini hukumwambia kuna mtu?"

"Nilisema simama! Nilipiga kelele!"

"Baada. Kabla ya hapo ulikuwa wapi?"

Alishika udongo kwa kucha. "Dirishani," akasema.

"Ukifanya nini?"

"Kuchukua chai."

"Na kamba ya Erastus ilikuwa imeshikwa na nani?"

Alianza kulia, maji ya kware na machozi na makamasi vyote pamoja. "Na gari. Nilifunga kwa gari. Ilikuwa dakika moja tu, Mzee, hapakuwa na mtu. Alikuwa anakuja juu, gari likamvuta, akagonga ukuta. Nilikata. Nilikata nikadhani atapanda mwenyewe." Kisha akasema lile nililolingoja bila kujua nalingoja. "Hakuingia peke yake. Mimi ndiye nilimpeleka. Hata hakutaka siku hiyo, maji yalikuwa machafu. Nilimwambia chai yote itakuwa yake, kwa sababu ya karo ya mtoto. Akasema hapana, tutagawana."

Dianah akazima gari. Nikageuka kumtazama Maxine, nikiwa nimejiandaa kwa kilio, labda anirukie shingoni, anishukuru. Nilikuwa nimeshaiona hiyo picha kichwani mara nyingi, nisidanganye.

Hakunitazama. Aliweka beseni chini, akaenda kwenye bampa, akafungua fundo, akajizungushia kamba kiunoni mwake mwenyewe na kuanza kumvuta Githinji. Peke yake. Mgeni mmoja akataka kumsaidia, akamwambia, "Acha." Alimtoa mpaka juu, amelala kwa tumbo kwenye matope kama samaki mumi.

Na hapo, sikilizeni dunia, baba mmoja mwenye kofia akaanza kupiga makofi. Wengine wakafuata, kidogo kidogo, hawajui ni maonyesho au si maonyesho. Akaja na noti, akanyoosha mkono kwangu, mshika kamba. Nilimwambia airudishe mfukoni kabla sijaitia mahali.

Maxine alimpeleka Githinji nyuma ya pikapu. Waliongea huko. Sikusikia neno. Baadaye aliomba kijana mmoja ampelekee ile video kwenye simu yake, akachukua beseni na kwenda nyumbani kwa mguu. Hakuniaga.

Jumapili, 18 Mei

Sikuenda kanisani. Nilingoja nifurahi. Shiko aliniletea uji, akaketi na mimi mpaka nikaumaliza. Ni binti mzuri.

Jumatano, 21 Mei

Nimeenda kwa Maxine. Alikuwa anakaanga kama kawaida. Alinifungia samaki mkubwa.

"Guka, ungeniambia kwanza."

"Nilitaka umsikie mwenyewe."

"Ulitaka umwone akilia. Usinifanye mimi sababu." Alisema bila hasira. Nikatazama viatu vyangu. Wazazi wake walimzaa na macho.

Nikamuuliza ni lini anapeleka video polisi. Akasema itakuwepo, haiozi. "Jela watamlisha, Guka, na huko hakuna anayemjua baba. Nimemwambia afungue Jumamosi."

"Afungue nini?"

"Kazi yake. Alitaka kufunga akimbilie kwao. Nikamwambia akikosa Jumamosi moja tu, Jumatatu niko kituoni."

Nikarudi nyumbani na samaki wangu, nikidhani msichana amechanganyikiwa.

Jumamosi, 24 Mei

Nimeelewa. Sitaandika leo. Nataka nione tena kama ni kweli.

Jumamosi, 14 Juni

Mvua imekwisha. Njahi, maharagwe yetu meusi, zinavunwa, kware imetulia na rangi yake ya kijani imerudi. Maxine ameandikiwa nafasi chuoni, ataanza muhula wa Septemba. Dianah alikuja kwake na chupa ya mafuta ya kupikia na wakakaa ndani muda mrefu. Walitoka macho mekundu wote wawili, na hayo si ya kuandikwa na mzee.

Siku hizi pale kware kamba inashikwa na watu wawili, mimi na Maxine, na hakuna chai inayopokelewa mpaka wa mwisho awe ametoka majini na kukauka nywele. Yeye ndiye aliyeiweka hiyo sheria.

Lakini nataka kuandika kuhusu hotuba. Wageni wanakaa kwenye mawe. Maxine anaweka kigoda chake mbele kabisa, hatua chache kutoka kwa Githinji, mikono juu ya magoti, na anamtazama. Hamkasirikii. Anamtazama tu kama mtu anayengoja basi. Naye Githinji anaanza, usiingie majini peke yako, nilikuwa na rafiki, Erastus, mwoga wa maji, mtu wa kugawana. Anaendelea mpaka kwenye gari. Amekonda. Kila Jumamosi anafika pale akiwa amepauka mapema, na kila Jumamosi anatafuta njia ya kupita haraka mahali fulani.

Mimi nilimtafutia adhabu ya asubuhi moja, nikaona nimefanya kazi kubwa. Thabai na pikapu! Mtoto wa Erastus amempa ya kila wiki, na hata hajainua sauti.

Leo alipofika hapo alishusha kichwa na kusema chini kwa chini, haraka, "nikafunga kamba kwa gari nikaenda kuchukua chai," kisha akataka kuruka kwenda mbele.

Maxine akainua kidole kidogo tu, kwa adabu, kama mwanafunzi darasani.

"Rudia hapo, Uncle. Wa nyuma hawajasikia."

Akarudia.